Jinsi ya Kuingiza Mieleka ya Wasichana Kwenye Kalenda Rasmi ya Michezo ya Sekondari Uganda: Mwongozo Kamili

Walimu wengi wanaotaka mieleka ya wasichana iwe mchezo rasmi huanzia mwisho. Wanaandika barua, mkuu wa shule anagonga mhuri, barua inapelekwa wilayani, na huko inalala. Mwaka unaofuata wanaandika nyingine, ndefu zaidi, nayo inalala juu ya ile ya kwanza.

Afisa anayezipokea si adui yao. Anasoma ombi la mchezo ambao hakuna shule jirani inayoucheza, usio na waamuzi wala uwanja, na hakuna aliyemwambia utagharimu kiasi gani. Hata angetaka kusaidia, angeandika nini kwenye kalenda?

Kwa hiyo hapa tunageuza mpangilio. Wasichana wacheze kwanza, shule kadhaa zishindane, kumbukumbu ziwekwe, ndipo barua iandikwe. Kazi hii ni ya mwaka mzima wa shule, mihula yote mitatu. Atakayekuahidi njia ya mkato ya muhula mmoja atakupotezea wasichana.

## Vitu vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Nakala ya kalenda ya michezo ya mwaka huu, ya wilaya na ya USSSA, chama kinachosimamia michezo ya shule za sekondari nchini.
- Mwalimu mwanamke atakayekuwa pamoja nawe kwenye kila zoezi. Ukimkosa, usianze.
- Wasichana kumi au zaidi waliojitolea wenyewe.
- Fomu ya ridhaa ya mzazi, kwa lugha anayoisoma mzazi.
- Mchanga, majembe, chekecheke na turubai moja kubwa.
- Mizani inayosomeka vizuri, filimbi, saa ya kuhesabia, vitambaa vyekundu na vya buluu.
- Sanduku la huduma ya kwanza, glavu, sabuni, na taulo za kike za akiba.
- Daftari gumu la kumbukumbu. Hili ndilo litakalokubeba mbele ya kamati, kwa hiyo lisiwe la kuazima.

Mkeka halisi wa mieleka haumo kwenye orodha hii. Mkeka wa kimataifa ni mita 12 kwa 12, na ndani yake mna duara la mita 9. Bei yake ndiyo inayozima ndoto za shule nyingi mapema, na kwa kuanzia hauhitajiki.

## Hatua ya 1: Amua unaomba nini hasa

“Utambulisho rasmi” ni maneno yasiyoshikika. Afisa anaweza kukukubalia kwa mdomo, ukaondoka umefurahi, na kesho kusiwe na kitu. Omba vitu vitatu vinavyoonekana: tarehe kwenye kalenda, kundi la wasichana peke yao, na fungu la fedha, hata liwe dogo.

Kundi la wasichana peke yao lina maana kubwa. Ukiomba “mieleka” tu, utapewa mieleka ya wavulana, na wasichana wataambiwa wasubiri mwaka ujao. Andika neno wasichana kwenye kichwa cha kila karatasi.

Anza na wilaya, usianze na taifa, wala usizungumzie michezo ya Afrika Mashariki ya FEASSSA kwa sasa. Huko mchezo unahitaji timu za nchi zaidi ya moja, na wewe bado hujapata shule ya pili.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema ombi lako kwa sentensi moja, na mkuu wa shule akairudia bila kukosea.

## Hatua ya 2: Weka kanuni za usalama wa wasichana kabla ya zoezi la kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu programu nyingi hufia hapa, na zinastahili kufa zikipuuza jambo hili. Mieleka ni mchezo wa kushikana mwili. Makocha wengi wa Uganda ni wanaume. Uvumi mmoja ukitoka nje ya geti la shule, wa kweli au wa uongo, hakuna mzazi atakayemruhusu binti yake tena. Na kama uvumi ni wa kweli, msichana ameshaumizwa, jambo ambalo ni zito kuliko mchezo wowote.

Andika kanuni hizi, zisainiwe na makocha wote, zibandikwe ukutani:

1. Kocha mwanamume hamshiki msichana kumwonyesha mbinu. Anaeleza kwa maneno, na wasichana wawili wanaonyesha.
2. Watu wazima wawili wanakuwepo kila zoezi, na mmoja wao ni mwanamke. Asipofika, siku hiyo ni mbio na viungo tu.
3. Mazoezi ni mahali pa wazi, mchana. Hakuna zoezi la msichana mmoja na kocha mmoja.
4. Kupima uzito hufanywa na wanawake, ndani ya chumba, wasichana wakiwa wamevaa nguo zao za mazoezi.
5. Msichana akiwa na malalamiko anajua pa kwenda: kwa mwalimu mlezi wa wasichana, ambaye hayumo kwenye benchi la ufundi.
6. Safari ya mashindano haiendi bila mwalimu mwanamke kwenye gari, na mahali pa kulala wasichana panajulikana kabla ya kuondoka.

Kanuni ya tano inasahauliwa sana. Kocha akiwa ndiye anayepokea malalamiko dhidi ya kocha, malalamiko hayatafika popote.

Mavazi nayo yaamuliwe sasa. Taiti ndefu ya rangi ya giza, fulana inayobana isiyo na vifungo, na sidiria ya michezo isiyo na chuma vinatosha. Wasichana Waislamu wafunike mikono, miguu na kichwa kwa kitambaa kinachobana kisicho na pini. Kwa kuwa shule zetu nyingi hukata nywele, tatizo letu kubwa ni kucha. Zikatwe kila wiki, zikaguliwe.

Ukiona wasichana wanazijua kanuni hizi kwa moyo na wanamkumbusha kocha akizivunja, umepita hatua hii.

## Hatua ya 3: Wazazi na karatasi ya ridhaa

Mzazi akisikia mieleka anafikiria mambo mawili: watu wa televisheni wanaopigana kwa viti, au ile mieleka ya maonyesho ya kwenye matope ya Mukono iliyosambaa mtandaoni. Mchezo ule una ustadi wake na watu wake wanaupenda, ila si huu. Huu ni wa Olimpiki, una alama, waamuzi na makundi ya uzito, na ni marufuku kupiga, kukaba koo au kupinda kiungo. Wanawake wanaushindania Olimpiki tangu Athens 2004. Marwa Amri wa Tunisia alipata shaba Rio 2016, na Blessing Oborududu wa Nigeria akapata fedha kwenye michezo ya Tokyo mwaka 2021. Taja majina hayo. Mzazi anataka kujua kama kuna binti wa Afrika aliyepita njia hii akafika.

Usiwaandikie barua tu. Tumia siku ya wazazi kutembelea shule. Wasichana wawili waonyeshe kwa dakika tano, kisha mwalimu mlezi wa wasichana azungumze na akina mama kando. Maswali mengine hayaulizwi mbele ya wanaume: je, binti yangu ataharibika kizazi? Ataweza kuolewa? Yajibiwe kwa heshima na bila kucheka. Mieleka haiharibu kizazi. Anayeuliza anampenda mtoto wake.

Fomu ya ridhaa iulize mambo ya afya waziwazi: pumu, kifafa, selimundu, jeraha la kichwa lililowahi kutokea. Selimundu ipo kwa wingi kwetu, na mtoto mwenye ugonjwa huo hasukumwi kwenye mazoezi makali bila maelekezo ya daktari.

Onyo: ukaguzi wa afya usigeuzwe kipimo cha mimba. Wasichana watakimbia mchezo wote, hata wale wasio na la kuficha, na watakuwa na haki.

## Hatua ya 4: Chimba uwanja wa mchanga

Mieleka ya ufukweni inatambuliwa na shirikisho la dunia, UWW, na imo kwenye programu ya Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Kanuni zake ni fupi: duara la kipenyo cha mita 7, pambano la dakika 3, na anayefikisha alama 3 kwanza ameshinda. Shule yenye mchanga inaweza kuanza wiki hii.

Shimo la miruko mnalotumia kwenye riadha ni jembamba mno kwa kazi hii. Chimbeni duara la kipenyo cha mita 9, ili kila upande ubaki mita moja ya usalama nje ya mstari. Kina kiwe sentimita 30. Hesabu yake inatoka kama mita za ujazo 19 za mchanga. Mwulize dereva wa tipa lori lake linabeba kiasi gani, ndipo mpatane bei.

Chekecheni mchanga wote. Mchanga wa ziwani una vipande vya konokono vinavyokata ngozi, na wa mtoni una kokoto. Mwagieni maji kabla ya zoezi, vumbi litulie na mchanga ushikamane.

Kila jioni funikeni kwa turubai. Paka na mbwa hupenda mchanga mkavu kwa haja zao, na minyoo inayotoka humo huingia kwenye ngozi ya miguu. Kwenye maeneo yenye funza, kagueni nyayo za wasichana kila wiki.

Kipimo cha uwanja mzuri: mtu mzima aanguke kwa ubavu toka alipochuchumaa. Akisikia udongo mgumu chini, ongezeni mchanga.

## Hatua ya 5: Wiki nne za kuanguka

Wiki za kwanza hakuna kumwangusha mtu. Wasichana wanajifunza kuanguka wenyewe. Kidevu kifuani, mgongo umepinda, mkono unapiga mchanga ukiwa bapa. Mkono ulionyooshwa kuzuia anguko ndio unaovunjika kiwiko, na jeraha moja la namna hiyo mwezi wa kwanza linatosha kufunga programu.

Baada ya hapo fundisheni msimamo, hatua za miguu, kushika mikono, kuingia kwenye mguu mmoja, kisha miguu miwili. Kutupa juu ya nyonga kungoje muhula wa pili. Daraja la shingo, lile la kujiinua kwa kichwa, liacheni kabisa kwa wanaoanza. Mkaba wa shingo kwa mikono miwili toka nyuma umekatazwa kwenye mieleka ya wanawake, na waambieni sababu: uti wa shingo.

Elimu ya viungo ni somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili (S1 na S2) katika mtaala ulioanza 2020, kwa hiyo sehemu ya kazi hii inaweza kuingia darasani. Mkuu wa shule atafurahi kusikia kwamba hakuna kipindi cha hesabu kinachoguswa.

Msichana akigonga kichwa akawa amezubaa, anatapika, au hakumbuki kilichotokea, anatoka na harudi siku hiyo, hata akilia kwamba yuko sawa. Apelekwe kituo cha afya. Akiwa na choa, upele au kidonda kibichi, hashikani na mtu mpaka kipone. Ngozi kwa ngozi, mmoja akiugua timu nzima inaugua.

## Hatua ya 6: Tafuta shule nyingine tatu

Shule moja ni klabu. Shule nne ni mashindano. Idadi ndiyo inayofungua milango kila mahali: Marekani, chama cha michezo ya vyuo kiliweka mieleka ya wanawake kwenye orodha ya michezo inayochipukia mwaka 2020, kwa sharti la vyuo 40 vyenye timu, na kikaipa mashindano yake rasmi Januari 2025 baada ya sharti hilo kutimia. Hakuna hotuba iliyochukua nafasi ya timu 40.

Chagueni shule zinazofikika kwa gari moja, kwenda na kurudi siku ileile. Kama uko Tororo, shule za Busia na Malaba zinakuhusu kuliko shule kubwa ya Kampala. Mojawapo iwe ya wasichana watupu, kwa sababu huko mwalimu mwanamke wa michezo hupatikana kwa urahisi zaidi. Mojawapo iwe ya serikali isiyo na kitu, ili asitokee mtu wa kusema mchezo huu ni wa shule za matajiri.

Mkaribishe mwalimu mwenzako aje kuona zoezi kabla ya kumwomba chochote. Mpe kanuni zako za usalama na fomu ya ridhaa azinakili. Mwazime uwanja wako kwa muhula mmoja. Liombeni shirikisho la mieleka la taifa kocha wa kuwafundisha walimu wa shule zote nne kwa pamoja. Ombi la shule nne ni gumu kukataa.

## Hatua ya 7: Fanya mashindano ya siku moja, madogo na safi

Hamu ya kuweka makundi yote ya uzito itakujia. Izuie. UWW ina makundi kumi ya uzito kwa wasichana wa chini ya miaka 17, na ukiyaweka yote kwa shule nne utapata makundi yenye msichana mmoja anayepewa medali bila kucheza. Wageni wataona viti vitupu. Tumieni matano tu: kilo 43, 49, 53, 57 na 65. Aliye juu ya hapo acheze na anayemkaribia, walimu wakikubaliana.

Wasichana wakiwa watatu au wanne kwenye kundi, kila mmoja acheze na wote. Hakuna aliyesafiri kilomita arobaini kucheza dakika tatu na kurudi.

Uzito. Pimeni asubuhi ya mashindano na toeni nafuu ya kilo moja. Msichana asikae njaa, asinyimwe maji, asikimbie na sweta juani ili apungue. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijipunguza kwa njia hizo, na kanuni zikabadilishwa haraka. Kocha atakayegundulika akifanya hivyo aondolewe siku hiyohiyo, na hili liandikwe kwenye mwaliko.

Waamuzi. Kila pambano lina watu watatu: refa, jaji na mwenyekiti. Wafundisheni walimu wa shule zote, angalau nusu wawe wanawake, na asiamue pambano la shule yake. Refa huvaa kitambaa chekundu mkono wa kushoto na cha buluu wa kulia, na huinua mkono wa rangi ya aliyepata alama. Hata mzazi aliyefika leo ataelewa.

Kumbukumbu. Majina, shule, uzito, matokeo, majeraha na matibabu yake, saa ya kuanza na kumaliza, waliohudhuria, kila shilingi iliyotumika. Hata kama hakuna aliyeumia, andikeni “hakuna jeraha”. Sentensi hiyo ina nguvu ya ajabu kikaoni.

Mwalikeni afisa wa michezo wa wilaya, afisa elimu, na viongozi wa chama cha michezo cha shule wa wilaya. Msimwombe mtu kitu siku hiyo. Aone, ale chakula, aende.

Siku imefaulu kama imeisha kabla ya jua kuchwa, kila msichana amecheza angalau mara mbili, na mwalimu wa shule ya tano amekuuliza lini mtarudia. Rudieni muhula unaofuata, kwenye shule nyingine. Tukio moja linaweza kuitwa bahati.

## Hatua ya 8: Sasa andika barua

Muda wake ni Septemba au Oktoba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, lakini wilaya huanza kuzungumzia bajeti yake miezi mingi kabla, na kalenda ya shule ya mwaka ujao hupangwa wakati huo. Barua ya Februari imechelewa hata kama ni nzuri.

Barua iwe ukurasa mmoja, isainiwe na wakuu wa shule zote nne:

*“Sisi wakuu wa shule tuliosaini hapa chini tunaomba mieleka ya wasichana iingizwe kwenye kalenda ya michezo ya sekondari ya wilaya kwa mwaka ujao, kama kundi la wasichana peke yao. Mwaka huu tumefanya mashindano mawili. Idadi ya washiriki, matokeo, taarifa ya afya na hesabu ya fedha zimeambatanishwa. Tunao waamuzi waliofundishwa na viwanja viwili. Tunaomba tarehe moja ya muhula wa pili na mchango wa usafiri wa waamuzi.”*

Nyuma yake ambatanisha kanuni za usalama, fomu tupu ya ridhaa, orodha ya waamuzi na bajeti ya ukweli. Ukiandika kiasi kidogo ili upendwe, mwaka wa pili utashindwa kuendesha na lawama itakuwa yako. Ongeza mstari mmoja kuhusu Katiba ya 1995, ibara ya 33, inayowapa wanawake hadhi sawa na wanaume. Mmoja unatosha. Kikao cha michezo hakipendi kuhutubiwa sheria.

Nenda kikaoni na mwalimu mwanamke, na yeye ndiye azungumze. Zungumza na wajumbe mmojammoja kabla, maana mambo mengi huamuliwa kabla watu hawajaketi. Wakisema “tutaangalia”, omba iandikwe kwenye muhtasari nani ataangalia na kufikia lini. Wakikupa nafasi ya mchezo wa maonyesho badala ya mashindano kamili, pokea, lakini omba iandikwe kwamba ni kwa mwaka mmoja.

Umefaulu siku utakapoona maneno “mieleka, wasichana” yamechapwa kwenye kalenda, yana tarehe mbele yake. Kabla ya hapo usitangaze kwa wazazi.

## Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza rasmi

Mchezo ulioingia unaweza kutolewa, na hutolewa mwaka ule ambao timu hazikufika. Mwezi mmoja kabla ya tarehe, pigia kila shule simu, hakikisha gari, hakikisha mwalimu mwanamke. Shule ikipungukiwa nauli, bora shule mbili zipande basi moja kuliko kundi moja kufutwa.

Pelekeni ripoti ya wilaya kwa uongozi wa kanda na kwa USSSA ndani ya wiki mbili, pamoja na nakala kwa wilaya jirani. Wilaya ya pili ikianza, wapeni faili lenu lote, pamoja na bajeti na orodha ya makosa. Kanda hupanga fainali pale kunapokuwa na mabingwa wa wilaya zaidi ya moja wa kukutanisha.

Wasichana wa S4 na S6 watakuwa na mitihani muhula wa tatu, kwa hiyo nguvu ya timu iwe kwa wa S1 hadi S3. Na wale wanaomaliza shule, waandikisheni kozi ya waamuzi kabla hawajaondoka. Ndani ya miaka miwili au mitatu refa wa mashindano yenu atakuwa msichana aliyeanza kuanguka kwenye mchanga huohuo, na kanuni ya pili ya ukutani itakuwa rahisi kutimiza.